Siku Moja Maishani Mwangu: Bima Mtwara, Msimu wa Korosho

Saa 12:40 asubuhi

Nafanya kazi kwenye tawi la bima hapa Mtwara. Kabla ya chai nafungua orodha ya bima zinazoisha ndani ya siku 30. Hili ndilo shamba la mtu wa bima, na asiyelipalilia kila asubuhi hapati mavuno. Aliyebakiza siku 30 anatumiwa ujumbe mfupi. Aliyebakiza siku 7 anapigiwa simu. Ambaye bima yake inaisha leo anapigiwa mpaka apokee, kwa sababu kinga ikikoma usiku wa manane na gari likagongana alfajiri, hakuna tena cha kujadili.

Novemba jibu la simu hizi ni lile lile: "Mwanangu, nisubiri korosho zilipwe." Hapo lazima kusema ukweli kwa adabu: "Mzee wangu, sheria yetu ni ada kwanza, kinga baadaye. Korosho zikilipwa tutakata, ila mpaka siku hiyo gari naomba lilale." Kijana wa bima anayeona aibu kusema hivyo, akampa mteja matumaini kwa mdomo, amemtengenezea hasara.

Saa 2:15

Ofisini. Wa kwanza ni dereva wa bodaboda kutoka Chuno anayetaka bima ndogo, ile inayolipa hasara ya mtu mwingine tu. Hatua ni chache, na kila moja ina mahali pake pa kukosea.

Namba ya usajili inaingizwa kwenye mfumo. Taarifa zikitokea, nazilinganisha na kadi ya pikipiki iliyo mkononi: jina, aina, na namba ya chesisi tarakimu kwa tarakimu. Kisha matumizi. Hapa ndipo vijana wengi wanateleza. Mteja anaomba iandikwe ya binafsi ili ilingane na mfuko wake, ilhali pikipiki inabeba abiria kutwa. Abiria akiumia, kampuni itauliza chombo kilikuwa kinafanya kazi gani, na mkataba utakuwa unasema kingine. Naandika ya biashara, namweleza sababu, na akitaka kuondoka namwacha aende.

Baada ya hapo inatoka namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Pesa iende huko, isiende kwenye simu ya wakala. Malipo yakisoma, stika ya kielektroniki inatoka, nami nahakiki papo hapo kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, huku mteja akitazama skrini. Namwonyesha na yeye namna ya kuhakiki, ili siku akinunua kwingine ajue stika ya kweli na ya kuchonga.

Kazi yote imechukua dakika 9, na swali la kama kazi ya bima bado ina ajira kwa vijana linaanzia kwenye hizo dakika. Kazi hiyo hiyo siku hizi inafanywa na benki kupitia madawati yao ya bima, na mteja mwenye simu nzuri anaifanya mwenyewe akiwa kijiweni. Tupige hesabu. Tuseme bima ndogo ya gari dogo la binafsi ni shilingi 100,000: kwa VAT ya asilimia 18 mteja analipa 118,000. Kamisheni inahesabiwa kwenye 100,000, kwenye VAT hakuna chako. Tuchukue mfano wa asilimia 12.5: stika moja inakuachia 12,500. Magari 40 kwa mwezi ni 500,000, na humo humo kuna kodi ya zuio, pango, bando la intaneti, nauli na karatasi. Bima kubwa, ile inayolipa hata hasara ya gari lako mwenyewe, ya gari la milioni 20 kwa kiwango cha asilimia 3.5 ni ada ya 700,000, na kamisheni kwa mfano ule ule ni 87,500. Mteja mmoja wa bima kubwa ni sawa na stika 7. Kwa hiyo simshauri kijana yeyote ajenge maisha juu ya stika. Stika ni mlango wa kumfahamu mteja, basi.

Saa 4:00

Madai. Mteja wa Mikindani gari lake limegongwa ubavuni, na faili lake liko mezani likiwa nusu.

Faili la ajali ya gari likitimia lina vitu hivi: fomu ya madai iliyosainiwa, nakala ya kadi ya gari, leseni ya dereva, taarifa za polisi (PF 115 ya awali, PF 90 ya mwisho, PF 93 ya ukaguzi wa gari), ramani ya ajali, na profoma ya gereji, yaani makadirio ya gharama za matengenezo. Kama kuna majeruhi, inaongezeka PF 3 na nyaraka za hospitali. Kinachokosekana mara nyingi ni ramani, kwa sababu watu husogeza magari pembeni kabla polisi hawajapima. Leseni nayo inaangaliwa mara mbili: haijaisha? Na daraja lake linaruhusu chombo kile? Dereva mwenye daraja la gari dogo aliyeshika usukani wa lori amelifunga faili kabla halijafunguliwa.

Picha nazo zina utaratibu. Pembe nne za gari, namba ya usajili ionekane angalau katika mbili, dashibodi yenye kilomita, namba ya chesisi, kisha mipasuko kwa karibu na kwa mbali. Picha ya karibu peke yake haina maana, mtathmini aliyeko Dar es Salaam hawezi kujua bonde lile liko mlango upi. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilipokatika upande wa Kilwa, picha za simu ndizo zilizobaki. Aliyejua kupiga picha za madai alikuwa na kazi hata barabara ikiwa imekwenda na maji.

Mteja anapiga simu: "Dada, fundi ameshaanza kunyoosha." Namwambia amsimamishe saa hii hii. Gari likitengenezwa kabla ya kutathminiwa, ushahidi umekwenda na nyundo. Na pia namkumbusha, kwa mara ya tatu, kwamba kuna sehemu ya kwanza ya hasara anayobeba yeye mwenyewe kwa mujibu wa mkataba. Hii inaleta ugomvi mwingi kuliko kitu kingine chochote kwenye madai, na chanzo chake ni kwamba aliyemuuzia bima hakumsomea siku ile.

Saa 6:10 mchana

Ukaguzi wa ghala la korosho, upande wa bandarini. Hii ndiyo sehemu ya siku ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ambayo simu haitaichukua karibuni.

"Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu, korosho hizo." Mzee mwenye funguo ndiye mtu muhimu kuliko meneja, anajua panapovuja.

Naomba milango ifungwe na taa zizimwe. Tunasimama katikati na kutazama juu kwa dakika mbili nzima, macho yazoee giza. Tundu la msumari uliong'oka linaonekana kama nyota. Leo nyota ni 5, na 3 kati yake ziko juu ya rundo la pili. Zinaandikwa, zinapigwa picha, na chini yake naweka kiganja juu ya gunia la juu kabisa: jute ikiwa baridi na ngumu kidogo kuliko ya jirani, maji yameshapita. Watu wakisikia bima ya ghala wanawaza moto. Kwa korosho ghafi maji ni adui wa kila siku, maana unyevu ukizidi asilimia 10 ukungu unaanza, na kokwa inageuka rangi ndani ya ganda huku nje ikionekana nzima.

Kisha sakafu. Magunia yawe juu ya chaga, na kati ya rundo na ukuta mtu aweze kupita bila kujikunyata, kama mita 1. Ghala hili upande wa kaskazini magunia yameegemea ukuta. Sababu naijua kabla ya kuambiwa: mzigo ulikuja mwingi kwa siku moja, malori yakasubiri nje, wakajaza popote. Inaandikwa pia, pamoja na tarehe ya kurudi kukagua.

Moto sasa. Ganda la korosho lina mafuta yanayowaka kwa hasira, na ukishashika ndani ya rundo ndoo ya maji haisaidii. Kwa hiyo naangalia vizima moto kimoja kimoja: mshale uko kwenye kijani? Kadi ya matengenezo ina tarehe gani? Kinafikiwa, au kimezibwa na magunia? Kisha nyaya: soketi iliyoungwa kwa utepe wa gundi, balbu iliyoning'inia karibu na rundo, jiko la chai la mlinzi.

Mwisho ni hesabu, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Marundo 3, kila moja magunia 600, ni magunia 1,800. Kwa kilo 80 ni kilo 144,000. Tuseme bei ni shilingi 3,000 kwa kilo: mzigo una thamani ya milioni 432. Mkataba waliokata mwanzo wa msimu unasema milioni 250. Wengi wanaamini wakiungua korosho za milioni 100 watalipwa milioni 100 kwa kuwa haijafika 250. Sivyo. Wamekatia asilimia 58 ya thamani, kwa hiyo watalipwa karibu milioni 58. Nyingine ni yao.

Dawa yake ni kukata kwa thamani ya juu kabisa inayotarajiwa msimuni, na kupeleka tamko la mzigo kila mwezi ili ada irekebishwe. Tena iulizwe mwenye mzigo ni nani. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima huweka mzigo ghalani na kupewa stakabadhi mpaka uuzwe mnadani, korosho hubadilisha mmiliki baada ya mnada huku zikiwa zimelala palepale. Muuzaji anadhani mnunuzi ana bima, mnunuzi anadhani ghala lina bima. Siku hizo za katikati naziuliza kwa maandishi, na jibu nalitaka kwa maandishi.

Saa 8:20

Chakula, wali na samaki. Kijana aliyeko kwetu kwa mafunzo ya vitendo ameuliza swali ambalo amelibeba tangu asubuhi: "Dada, hii kazi si simu itaichukua yote?"

Stika, ndiyo, simu imeshaichukua, zamani tulikuwa na vitabu vya karatasi. Kilichobaki kinataka mtu aliyesoma na anayefika mahali. Nikamchorea njia kama ninavyoziona. Kuna COP, cheti cha umahiri, ambacho bila hicho huwezi kuwa wakala mwenye leseni ya TIRA. Kina thamani, lakini ni kizingiti tu. Kuna shahada ya bima na usimamizi wa vihatarishi, kama ile ya IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha), na kuna sayansi ya aktuari, yaani hesabu za kukadiria hatari na hasara, ambayo tangu kanuni za kimataifa za hesabu za IFRS 17 zianze kutumika Januari 2023 imekuwa na soko, maana kampuni lazima zikokotoe madeni ya mikataba yao kwa undani zaidi. Kazi hizo lakini ziko makao makuu, na makao makuu ni Dar es Salaam. Mwenye kutaka hesabu ajiandae kuhama.

Mwenye kutaka kubaki Kusini ajifunze madai na ukaguzi. Hapa kuna korosho, bandari, gesi ya Mnazi Bay na mtambo wa Madimba, kiwanda cha saruji, vyombo vya baharini. Matawi yetu ni madogo, watu wawili watatu, na uamuzi mkubwa unatoka makao makuu. Wengi wanaona hilo ni kasoro. Mimi naona lina faida moja kubwa: tawi dogo linakufundisha kila dawati ndani ya miaka miwili, wakati aliyeko makao makuu anaweza kukaa miaka hiyo hiyo akiingiza namba za magari.

Nikamwambia pia ajifunze kuandika ripoti. Kurasa mbili, picha zenye namba, vipimo, pendekezo lenye tarehe. Anayeandika vizuri anajulikana makao makuu hata kama hajawahi kupanda ngazi zao.

Saa 10:00

Kikao na viongozi wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, kuhusu bima ya mazao. Swali la mama mmoja lilikuwa zuri: "Shamba langu likikauka na la jirani likanyeshewa, nalipwa?"

Kwa bima ya faharasa ya hali ya hewa, huenda usilipwe. Setilaiti inasoma wastani wa eneo, shamba lako pekee hailioni. Mvua ya eneo ikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa, wote wanalipwa bila mtu kuja kukagua. Isiposhuka, hakuna anayelipwa. Na kwa korosho kuna jambo zaidi: ubwiriunga ukipiga maua, faharasa ya mvua hailipi, huo ni ugonjwa. Kwa maoni yangu bima ya namna hii inawafaa zaidi wakulima wa ufuta na mahindi, na niliwaambia hivyo hivyo. Hawakukata leo. Walitaka wasomewe mkataba wote kwa Kiswahili, na wana haki.

Saa 12:15 jioni

Kufunga siku. Kila kontroo namba iliyotolewa inalinganishwa na malipo yaliyosoma. Leo zilitoka 11, zimelipwa 9. Mbili hazina kinga, na wenyewe wanapigiwa waelewe hivyo usiku huu. Nakala za vitambulisho vya NIDA zilizoingia kwenye simu ya ofisi zinahamishiwa kwenye mfumo na kufutwa simuni, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu hata sisi wa matawini.

Ripoti ya ghala inaondoka saa 1:05 usiku: matundu 5, rundo moja la kusogezwa, kizima moto kimoja cha kujazwa, thamani ya kupandishwa hadi milioni 432. Mzee wa funguo ametuma ujumbe kwamba fundi wa paa anakuja kesho saa 1 asubuhi, na anaomba nifike kabla hajapanda ili nimwonyeshe zile nyota.