Dizeli inachelewa kuchanganya? Angalia moshi kabla hujanunua nozeli

Mafundi wengi huku kwetu ukiwaambia tu gari ya dizeli inachelewa kuchanganya, jibu wanalo tayari: nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Au pampu, na wakiona una hela kidogo wanaongezea na tabo (turbo), ile inayosukuma hewa iingie kwenye injini. Mi sibishi, nozeli zinakufa kweli, na dizeli ya kwenye madumu inaziwahisha kaburini, ila huu ugonjwa wa kukanyaga mafuta alafu gari inajifikiria kwanza ndo inaondoka, mara nyingi nshaukuta upande wa hewa, na upande wa hewa kuukagua ni bei ya sabuni.

Chukulia Hilux yenye 1KD, ile injini ya lita 3 ya D-4D, maana ndo zimejaa kila mahali. Ikiwa nzima nguvu yake inaanza kushika mapema, kama mizunguko 1,400 kwa dakika hivi. Chini ya hapo kuchelewa kidogo ni kawaida ya tabo, usianze kufungua vitu. Ila ukiwa 2,000 na kitu, umekanyaga mpaka chini unataka kuovateki lori pale mlima Kitonga na gari bado inakuangalia tu, hapo kuna tatizo.

Sasa mwambie mtu akae nyuma aangalie moshi wakati unakanyaga. Moshi mweusi maana yake mafuta yanaingia ila hewa haitoshi. Gari nzito na moshi hamna, fikiria mafuta hayafiki au kompyuta yenyewe imeamua kuyabana. Gari yenye DPF, yaani chujio la masizi kwenye egzosi, usiiulize moshi maana ule mtungi unaumeza, hiyo nenda moja kwa moja kwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Kuna mteja alikuja na Hilux ya hivyo, nozeli keshabadilishiwa sehemu nyingine, zote nne, na gari iko vilevile. Taa ya injini haijawaka, silensa imetulia, moshi mweusi ukikanyaga ghafla. Eya klina ilikuwa na vumbi ila sio la kutisha. Kwa macho mipira ya intakula (kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) yote mizima. Tukavua bomba la kuingilia tabo tukaliziba, tukaingiza upepo wa kompresa taratibu (usizidi bar 1, na usisimame mbele ya kile kizibo), tukapaka maji ya sabuni. Mpira wa chini ukatoa mapovu kwa upande wa nyuma ambao huuoni mpaka uingize mkono, umelainika kwa oili na una mpasuko. Hapo ndo utajua kwa nini injini ikiwa silensa huoni kitu, presha ya tabo haipo kwa hiyo mpasuko unajifunga, ukikanyaga unafunguka na hewa yote inaishia barabarani. Tukaweka mpira mpya na klempu mpya, gari ikachanganya, na zile nozeli za zamani hakuna anayejua ziko wapi.

Mipira ikiwa mizima nenda kwenye EGR, ile vali inayorudisha moshi kidogo kwenye hewa inayoingia. Masizi yakiishikilia wazi, injini inavuta moshi wake yenyewe badala ya hewa safi, lazima iwe nzito. Kujaribu, izibe kwa kibati kwa muda tu, ukiona gari imechangamka basi umeshapata jibu, ifungue uioshe. Baada ya hapo yale mabawa ndani ya tabo, nayo yanaganda kwa masizi. Gari ambazo mabawa yanavutwa kwa vakyumu ukiwasha injini utaona kifimbo kinasogea, kisiposogea angalia vimpira vya vakyumu kabla hujaita tabo imekufa.

Upande wa mafuta ni filta, na filta, na filta tena. Weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, ukiona mapovu jua kuna sehemu inavuta hewa. Kama una mashine linganisha presha ya reli (lile bomba linalogawa dizeli kwa nozeli) inayotakiwa na iliyopo wakati unapanda mlima, sio ukiwa umepaki. Iliyopo ikibaki nyuma, na kwenye mashine ikatokea namba ya kosa P0087, yaani presha ya reli iko chini, hapo sasa una ruhusa ya kuanza kuongea habari za pampu. P0299, yaani presha ya tabo haifiki, inakurudisha kwenye tabo na mipira.

Pedeli watu wanaisahau. Kwenye gari hizi hakuna waya wa kuvuta, kuna sensa mbili ndani, moja inaanzia kama volti 0.8 nyingine kama 1.6, ukikanyaga taratibu zote zinatakiwa zipande pamoja bila kuruka. Mwenye Land Cruiser ya injini ya 1HZ asisumbuke na habari hizi, yeye ana waya na pampu ya kizamani na tabo hana, akaze waya wake abadili filta.

Alafu vile viboksi vya kuchomeka kwenye pedeli vinavyouzwa eti vinaongeza nguvu. Havijui kuziba mpira uliopasuka. Vinachofanya ni kuiambia kompyuta umekanyaga zaidi ya ulivyokanyaga, basi. Na kama mzunguko unapanda haraka lakini gari haiendi, hiyo sio injini kabisa, pima oili ya giaboksi au angalia klachi.