Nusu saa ya nyanya

Desemba 2015 tulikua na harusi Malindi na nyanya akakataa katakata kupanda basi. Sikumlaumu, enzi zile mabasi ya Lamu yalikua yanatembea kwa msafara na askari, zaidi ya kilomita 200 kutoka Mokowe, kule bara tunakopandia basi sisi wa Lamu, na kipande cha Witu mpaka Garsen kilikua vumbi na mashimo. Ndio ami akatoa pesa za ndege, mimi na nyanya. Kakangu akaambiwa yeye apande basi na magunia.

Mimi wakati huo nishamaliza fomu foo najiona msomi, nikatoa atlasi na rula nikapima Manda mpaka Malindi, ikaja kama kilomita 140, nikamwambia nyanya kandege kale kanakwenda kilomita 300 kwa saa, kwa hivyo nusu saa tu tushafika. Hapo ndio nilipojitia kitanzi. Akaitangaza mtaa mzima, "nusu saa, mjukuu wangu kapima."

Siku yenyewe tukatoka nyumbani saa mbili asubuhi, tukavuka kwa boti maana uwanja wa ndege wa Lamu hauko Lamu, uko Manda. Pale wanapima mabegi halafu wanakupima na wewe mwenyewe. Nyanya akapanda mzani na buibui lake na kikapu mkononi, kijana akamwambia mama weka kikapu chini, akajibu "hii ni achari, si mimi", basi mabishano hapo, watu wamepanga foleni nyuma. Tukaketi kungoja. Saa nne hakuna ndege, saa sita hakuna, tunaambiwa Nairobi kuna mvua, ndege haijatoka. Nyanya akaswali adhuhuri hapo hapo, akitoa salamu upande wa kulia macho yananiangukia mimi. Hasemi kitu.

Ilipaa saa tisa kasoro. Nikatega saa ya simu. Nyanya kanikamata mkono kucha zimeingia, kafumba macho anasoma Ayatul Kursiyu, mimi niko dirishani, naona Mto Tana umejigawa vijito vijito unaingia Ghuba ya Ungwana, mara Mto Sabaki, umemwaga maji ya udongo baharini rangi ya chai ya maziwa, na pale yanapokutana na maji ya buluu kuna mstari kabisa, utadhani mtu kauchora. Gurudumu limegusa chini dakika ya 28. Nikamuonyesha simu. Akafumbua jicho moja, "haya, nusu saa", akaomba maji.

Kikapu hakikuja. Eti uzito ulizidi, kimebaki Manda, na mzani wote ule!

Tumefika Shella (ya Malindi hii, si ile yetu ya Lamu) tunamkuta kakangu kashaoga, kavaa kanzu, yuko na sahani ya pilau. Nyanya hata hakumwangalia. Achari ikaja kesho yake, kwa ndege, pilau ishakwisha na masufuria yameshaoshwa.