Jinsi ninavyoulinda uoni wangu dhidi ya glakoma

Siku daktari aliponiambia nina glakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, nilikuwa nimetoka kusoma herufi za mstari wa mwisho kwenye ubao wake. Nikamuuliza, mtu anayeona hivi anapotezaje uoni? Akanieleza kwamba ubao ule hupima uoni wa katikati tu. Glakoma ya aina niliyo nayo huanzia pembeni, polepole, bila maumivu, na ubongo huziba pengo kwa kukisia kutokana na vilivyo jirani. Ndiyo maana huoni giza wala kivuli.

Kilichonishawishi ni kipimo cha uwanda wa kuona. Unaegemeza kidevu, unakazia macho nukta ya katikati, na kila nuru ndogo inapomulika unabonyeza kitufe. Karatasi ya majibu ilionyesha doa jeusi upande wa juu, karibu na pua. Nuru zilikuwa zimewaka pale nami sikuziona kabisa.

Jicho hutengeneza maji yake muda wote, na maji hayo hutoka kupitia vinjia vyembamba. Yakikwama, presha ya jicho hupanda na kuumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Presha ya kawaida ya jicho ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, ingawa wapo wanaoumia mshipa wakiwa ndani ya kiwango hicho, hivyo kupima presha peke yake hakutoshi. Na tofauti na mtoto wa jicho, ambaye akiondolewa mtu huona tena, kilichopotea kwa glakoma hakirudi. Nililia niliposikia hilo. Kisha nikaamua kushughulikia kilichobaki.

Natumia matone ya aina mbili, timolol na latanoprost. Kazi ngumu ni kuyatia kila siku wakati huhisi ugonjwa wala nafuu. Nimeyafungamanisha na kupiga mswaki, na kwangu hilo limefaa kuliko kengele ya simu. Ninavuta kope ya chini, natia tone moja, nafumba jicho bila kupepesa, kisha nabana kwa kidole kona ya jicho iliyo upande wa pua kwa dakika mbili hivi. Kubana huko huizuia dawa kuteremkia puani na kuingia kwenye damu. Tafadhali usikudharau, hasa kwa timolol, maana inaweza kupunguza mapigo ya moyo, na kwa mwenye pumu ni hatari. Mwambie daktari maradhi yako yote kabla hajakuandikia. Kati ya dawa moja na nyingine nasubiri dakika 5, la sivyo ya pili huisukuma ya kwanza itoke nje. (Latanoprost imerefusha kope zangu. Nilionywa mapema, sikushtuka.)

Barabarani nageuza kichwa kizima kabla ya kuvuka.

Presha yangu imeshuka, na doa halijapanuka tangu nianze dawa. Kliniki siachi hata nikijisikia mzima.

Jambo ambalo sikulichelewesha ni kuwaambia ndugu zangu wa damu, kwa kuwa hatari huongezeka sana mzazi au ndugu anapokuwa nayo. Dada yangu alipimwa, akakutwa na presha ya juu huku mshipa ukiwa bado mzima, na sasa anafuatiliwa. Kaka yangu anasema anaona vizuri. Nimemwambia hata mimi nilikuwa naona vizuri, na nimeshamwombea nafasi kliniki.