Nilivyofuatilia kodi ya vibanda vya stendi hadi kwenye kiti cha meya

Kwa miaka kadhaa katika manispaa yetu ilisemwa kwamba Mstahiki Meya amejenga nyumba ya kulala wageni kwa fedha za halmashauri. Niliisikia habari hiyo kwa kinyozi, nikaisikia tena msibani, na mwishowe nikaiingiza kwenye daftari langu kana kwamba ni jambo lililothibitika. Makala ilikuwa tayari, na kichwa chake kilikuwa kikali. Kilichoniokoa ni mzee mmoja aliyestaafu uhasibu katika halmashauri nyingine, ambaye aliisoma hadi mwisho, akavua miwani na kuniuliza, "Kijana wangu, hundi ya halmashauri anasaini nani?"

Sikuwa na jibu. Alinieleza kwamba afisa masuuli wa manispaa, yaani anayewajibika kwa matumizi ya fedha zake, ni mkurugenzi, anayefanya kazi na mweka hazina na wakuu wa idara, ilhali meya huchaguliwa na madiwani wenzake, naye huongoza Baraza la Madiwani pamoja na Kamati ya Fedha na Uongozi, ambayo hukutana kila mwezi kupitia mapato na matumizi. Anayemtafuta meya katika hati za malipo, kwa hiyo, huenda asione hata jina lake, kwa sababu nguvu yake iko katika kuamua ni jambo gani lijadiliwe na lipi liahirishwe. Nyumba ya wageni nayo, nilipoulizia kwa majirani na kwa fundi aliyeijenga, ilikuwa imefika kwenye linta kabla mwenyewe hajawa hata diwani. Niliifuta aya yote, na nakiri kwamba iliniuma, kwani ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa na wengi.

Njia mpya niliipata katika kikao maalumu cha Baraza cha kujadili hoja za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Vikao vya Baraza huwa wazi kwa wananchi, ingawa siku hiyo nilikuwa peke yangu kwenye viti vya nyuma pamoja na madereva wa madiwani. Hoja mojawapo ilisomwa harakaharaka: vibanda vya stendi vilikuwa vikikodishwa kwa bei ndogo, na baadhi ya wapangaji hawakuwa na mikataba hai. Mkurugenzi akajibu kwamba utekelezaji unaendelea, kikao kikasonga mbele. Nilikwenda stendi jioni ileile. Dada mmoja anayeuza vifaa vya simu aliniambia kwamba tangu aanze biashara hajawahi kupewa namba ya kumbukumbu ya malipo ya manispaa, kwani kodi humpelekea dalali mkononi, shilingi 180,000 kwa mwezi.

Niliandika barua kuomba orodha ya wapangaji na viwango vya kodi, nikiegemea Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo humpa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Barua niliipeleka masjala kwa mkono na kugongewa muhuri kwenye nakala yangu, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo, kwa maana siku 30 zilipopita bila jibu, muhuri huo ndio ulionipa sauti kwenye barua ya pili. Mikataba sikupewa. Nilipewa orodha, na ndani yake kampuni moja ilikuwa na vibanda 11, kila kimoja kwa shilingi 40,000. Nikaomba taarifa za usajili wa kampuni hiyo BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni. Kumbukumbu zilionyesha kwamba meya aliwahi kuwa mkurugenzi na mwanahisa wake, na kwamba hisa zake zilihamishiwa kwa ndugu yake wa damu miezi michache baada ya yeye kuapishwa.

Hapo nilijizuia kwa makusudi. Kuhamisha hisa si kosa, wala sikuwa na karatasi hata moja inayoonyesha kwamba ile tofauti ya shilingi 140,000, kati ya kodi aliyonitajia dada wa stendi na ile ya kwenye orodha, ilimfikia yeye. Nililokuwa nalo ni swali moja tu: sheria za serikali za mitaa humtaka mjumbe mwenye maslahi katika mkataba ayatamke na asishiriki mjadala wake, je, aliyatamka? Diwani mmoja aliniruhusu kusoma mihtasari ya Kamati ya Fedha ofisini kwake. Kodi ya vibanda ilikuwa imejadiliwa mara tatu, mara zote meya akiwa mwenyekiti, na mara zote pendekezo la kuipandisha liliahirishwa. Tamko la maslahi halikuonekana popote.

Nilimwomba Mstahiki Meya miadi. Alinipokea kwa heshima, akaagiza chai, na akasema kwamba kampuni ile si yake na kwamba mambo ya kodi ni ya wataalamu. Nilipomwonyesha tarehe za vikao alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni nani aliyenituma. Niliyaandika majibu yake yote, pamoja na hilo la mwisho, na makala iliyotoka haikuwa na neno "wizi" wala "fisadi". Ilikuwa na tarehe, viwango vya kodi na lile swali. Baadhi ya marafiki waliniita mwoga. Wakili niliyemwonyesha rasimu, hata hivyo, alibadilisha maneno mawili tu.

Diwani yule aliliwasilisha swali kwa maandishi kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu zinazoongoza vikao vya Baraza, na kodi ya vibanda ikafanyiwa tathmini upya. Kuhusu vikao vile vitatu vya nyuma, hakuna aliyejibu hadi leo, na ile kampuni bado ina vibanda saba. Ila katika kikao kilichofuata, ajenda ya stendi ilipofikiwa, meya alisimama, akasema ana maslahi katika jambo hilo, akamwachia naibu wake kiti na kutoka nje.