Samaki 153 na kaunta buku yangu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii zamu ya tafakari imeniangukia mimi na kiukweli nilitaka kukwepa, maana mwenzenu siku hizi nikiamka kitu cha kwanza kushika sio Biblia, ni kaunta buku na peni, nkasema nikilisema hilo mtanisema. Wacha niseme tu.

Ilianzia kliniki ya sukari. Nesi aliniambia mama, kila unachokula kiandike, mwezi ujao uje nacho. Sasa mimi kuandika nimechoka, kutwa nipo dukani naandika risiti na madeni ya watu, kwahiyo jioni nikawa nachora. Chapati duara, chai kikombe, maharage vidoti. Wiki za mwanzo lile daftari lilikuwa la mashtaka tu, nalifungua nakuta makosa yangu yamejipanga, chapati tatu, soda, wali umefura kwenye sahani kama kichuguu.

Alafu kuna asubuhi nikachora kitumbua. Nilinunua viwili Ngamiani hapa Tanga kwa bibi mmoja, kitumbua nimekizoea toka utoto nikajua dakika moja nimemaliza. Wapi! Ukikiangalia vizuri pembeni kina mkanda wa kahawia iliyokolea pale kilipogusa chuma, juu kuna vitundu vidogo vidogo pale unga ulipopumua, na upande mmoja kimepauka kwa sababu bibi alikigeuza mapema, kuna mteja alikuwa anamharakisha (mteja ni mimi). Gazeti nililofungiwa likaloa mafuta mpaka maandishi ya upande wa pili yakatokea. Nikakaa nacho dakika ishirini mpaka kikapoa, na nikajikuta nasema asante Mungu kwa huyu bibi, kwa kiganja chake, kwa iliki, kwa hamira iliyofanya kazi usiku mimi nimelala. Wapendwa, miaka yote sala yangu ya chakula ni sekunde nne, asante kwa yote amina, na hiyo "yote" ungeniuliza ni nini nisingekutajia hata kimoja.

Sasa fungueni Yohana 21. Wamevua usiku kucha hawajapata kitu, kunakucha Yesu yupo ufukweni, anawaambia watupe wavu upande wa kulia, unajaa, Petro anajitupa majini. Wakishuka wanakuta makaa, samaki juu yake na mkate, na Bwana anawaita waje wafungue kinywa. Bwana aliyefufuka, jamani, amewapikia asubuhi! Na katikati ya habari nzito namna hiyo Yohana anatuambia samaki walikuwa wakubwa, 153, na wavu haukupasuka. Mimi hapo ndo nnapokwama kila mwaka. Nani alikaa akahesabu? Watu wa elimu wameitafutia siri hiyo namba toka zamani, Agostino, yule askofu wa kale, alionyesha kwamba ukijumlisha moja mpaka kumi na saba unapata 153, na kweli unapata, nimejaribu kwenye kikokotoo cha dukani. Siwapingi. Ila mimi mtu wa Tanga naona wale walikuwa wavuvi basi, na mvuvi anahesabu.

Jumamosi iliyopita nilishuka Deep Sea, pale boti za samaki zinapoingilia, kuchora. Boti imeingia, kijana anatoa changu mmoja mmoja anatupia kwenye beseni huku anahesabu kwa sauti, maana hapo kuna fungu la mwenye chombo, kuna hela ya mafuta, kuna wavuvi wenyewe, asipohesabu watagombana mpaka magharibi. Akaniona na daftari akanyamaza.

"Shikamoo mama. Wewe wa ushuru?"

"Marahaba baba. Hapana, nachora tu."

"Unachora samaki? Ili iweje?"

Nikakosa jibu nikamwonyesha. Akaangalia weee, akasema mama, changu hana mkia hivo, akamshika mmoja akaukunjua mkia kwa vidole nione unavyogawanyika, alafu akarudi kwenye beseni na kuanza upya moja, mbili, kwa sababu yangu. Alipomaliza akasema arobaini na saba, Alhamdulillah. Ile Alhamdulillah ilinichoma, maana ilikuwa na samaki 47 ndani yake.

Siku hiyohiyo nikajaribu kuchora ngalawa nikashindwa. Zile mbao mbili za pembeni zinazoishikilia isipinduke, zinafungwaje pale kwenye mtumbwi, kwa kamba au kwa misumari? Nina miaka 41, nimezaliwa hapahapa, nikagundua sijawahi kuitazama ngalawa hata siku moja. Nimepita mbele yake tu.

Lakini kuhesabu nako kuna namna mbili, na hili ndo limenisumbua wiki nzima. Tulienda Pangani kwa shemeji, njiani mashamba ya mkonge, nikawa nachora kwenye daladala inaruka ruka mistari inakwenda kokote. Mkonge tumezaliwa tumeukuta ila ulikuja, mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikabaki hai 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Kwahiyo kuna mtu alisimama juu ya mzigo wa miche iliyokufa akahesabu iliyopona, moja moja, na kila mmoja ulikuwa na thamani kwake. Sasa watu waliokuja kuikata mikonge hiyo waliitwaje? Manamba. Walipewa namba. Babu yangu mzaa baba aliletwa kutoka Njombe akiwa manamba, miche ilihesabiwa naye akahesabiwa, ila yeye kwenye ile hesabu hakuonekana na mtu. Mchungaji wa kwenye Yohana 10 anawaita kondoo wake kwa majina. Msimamizi wa shamba aliita namba.

Nikampigia mzee wangu simu, baba, babu namba yake ilikuwa ngapi? Akacheka, akasema nani ataikumbuka hiyo. Nikamuuliza unakumbuka nini basi. Akakaa kimya kidogo, akasema alikuwa anapenda muhogo wa kuchoma na kipande cha nazi, muhogo anaukwangua majivu kwa kisu kile kile cha shambani, nazi anaiweka shavu la kushoto kwa sababu la kulia meno yalikuwa yameisha.

Usiku nikachora muhogo, majivu kidogo upande mmoja, na kisu na kipande cha nazi kando. Picha ya babu hatuna hata moja kwenye ukoo, hakuna kitambulisho, hakuna ya harusi. Huo ukurasa ndo uliopo. Mzee nilimtumia kwa simu akanijibu kesho yake asubuhi, kisu hakikuwa na mpini wa mbao mwanangu, alikizungushia katani. Nikafuta nikachora katani.

Basi nawaombeni wiki hii mjaribu, hata kama hamjui kuchora, hata nyuma ya risiti, kitu kimoja kwa siku mlichokula au mlichopita, alafu ndo mseme asante yenu. Msinitumie mimi jamani, simu yangu imejaa.

Na nilisahau, kliniki nimerudi Jumanne. Nesi akapokea kaunta buku akaanza kufunua, anacheka, anaita wenzake waje waone mchunga na dona nilivyovichora. Akafika ukurasa wa muuza kahawa wa barabara ya kumi na mbili, dele lake, vikombe, na kashata moja pembeni kwenye kisosi. Akaniuliza mama, na hii kashata? Nikamwambia hiyo niliichora tu dada yangu, sikuila.

Akaisogeza karibu na dirisha akaitazama kama mimi nilivyotazama kile kitumbua.

"Mbona kona yake imeng'atwa?"