Makaa ya ukingoni

Kwetu Ngomeni, kaskazini ya Malindi, majukwaa ya San Marco yamesimama baharini kwa miguu yake ya chuma. Marehemu babu alikuwa akivua karibu nayo. Aprili 1967 Waitaliano walirusha kutoka pale setilaiti ya kupima msongamano wa hewa ya juu kabisa, juu ya ikweta. Nami leo, kwenye baraza ya babu, napiga hesabu za hewa ya juu ya Mshtarii, sayari ya Jupita, kwa programu ya kompyuta.

Kinachoninyima usingizi ni joto. Mshtarii hupata kama sehemu 1 kati ya 27 ya jua tulipatalo sisi. Kwa jua peke yake, anga yake ya juu ingekuwa nyuzi 73 chini ya sufuri. Vipimo vinasema zaidi ya nyuzi 400!

Moto upo kwenye ncha za sayari. Volkano za mwezi wake Io hutema gesi, gesi inashika umeme, usumaku wa sayari unaizungusha, na elektroni humiminika nchani zikiwasha mianga isiyozimika. Lakini Mshtarii hujizungusha kwa chini ya saa 10. Upepo ukitoka nchani kwenda ikweta unapindishwa pembeni, joto linabaki kule kule. Miezi minne programu yangu imenionyesha hayo hayo: ncha zinawaka, ikweta baridi.

Jumamosi bibi alikuwa akioka mkate wa kumimina, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Akaniona nayapanga vibaya.

"Mwanangu, ukiyarundika ukingoni, katikati patabaki pabichi."

Nikaiacha koleo mkononi, nimeduwaa. Ndivyo programu yangu isemavyo, na ndivyo Mshtarii inavyokataa. Ramani za joto walizotoa mwanasayansi James O'Donoghue na wenzake mwaka 2021, kwa darubini ya Keck kule Hawaii, zinaonyesha joto likipungua polepole kutoka nchani hadi ikweta. Katikati pameiva. Hata wimbi la joto walilikuta safarini, likitoka nchani wakati upepo wa jua, yaani chembe zinazotoka kwenye jua, umeisukuma sayari kwa nguvu.

Basi nimeacha kuziwasha ncha kwa moto usiobadilika. Sasa naupandisha na kuushusha, na nimeongeza zile chembe zenye umeme zinazouburuta upepo na kuupunguzia kule kupindishwa. Jana usiku joto lilivuka latitudo 50 kuelekea ikweta kwa mara ya kwanza. Nimeamka alfajiri kutazama: limefika 42.