Gombo la Pili

Tafakari ya wiki. Masomo: Yeremia 36 na Yeremia 45

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Wiki hii naandika hasa kwa ajili ya wale kati yetu wanaotunga hadithi. Mpo wengi kuliko mnavyodhani. Yupo anayeandika riwaya kwenye simu akiwa ndani ya daladala, yupo mama anayetunga visa vya watoto wa Shule ya Jumapili, yupo kijana mwenye madaftari chini ya godoro ambayo hajamwonyesha mtu. Mlianza vizuri, mkawa mnaandika kila siku, kisha yakatokea ya kutokea. Mtoto akaugua. Umeme ukawa wa mgawo. Simu ikaibiwa na sura zote zilizokuwamo. Au hakikutokea kitu chochote, ila asubuhi moja ulikaa na kalamu yako maneno yakagoma, na kesho yake hukukaa tena.

Naomba tusome pamoja habari za Baruku mwana wa Neria, karani wa nabii Yeremia.

Yeremia amezuiwa kuingia nyumbani mwa Bwana. Katika mwaka wa nne wa mfalme Yehoyakimu anamwita Baruku, anatamka maneno, Baruku anaandika. Gombo hilo, yaani kitabu cha kukunjwa, linakuja kusomwa mbele ya watu mwaka wa tano, mwezi wa tisa. Wakuu wanamhoji Baruku: umeyaandikaje maneno haya yote? Jibu lake halina mbwembwe. Anasema Yeremia alimtamkia, naye akayaandika kwa wino. Basi. Ukitafuta siri ya kazi ya uandishi katika sura ile hutapata zaidi ya hapo: mtu, maneno aliyopewa, na wino.

Kisha gombo linapelekwa kwa mfalme. Ni majira ya baridi, makaa yanawaka mbele yake. Yehudi, aliyetumwa kulileta, anasoma, na kila akimaliza safu tatu au nne, mfalme anazikata kwa kijembe na kuzitupa motoni. Kijembe chenyewe ni cha mwandishi, kile cha kuchongea kalamu. Watu watatu, Elnathani, Delaya na Gemaria, wanamsihi asilichome. Hawasikii. Anaendelea kukata na kutupa mpaka gombo lote linaisha. Hakulichoma kwa hasira ya mara moja. Alikaa akalisikiliza, akalikata kipande kwa kipande.

Aliyewahi kupoteza mswada anaijua siku hiyo.

Sasa angalieni mstari wa 28. Neno la Bwana linamjia Yeremia, na jambo la kwanza analoambiwa ni kutwaa gombo lingine na kuandika tena yote yaliyokuwa katika lile la kwanza. Hukumu ya Yehoyakimu ipo, nayo ni nzito, lakini inakuja baada ya agizo hilo. Kazi imetangulia. Na mstari wa mwisho wa sura unatuambia kwamba Baruku aliyaandika yote upya, tena yakaongezwa maneno mengine mengi ya namna ile ile. Gombo la pili likawa kubwa kuliko lile lililoungua.

Sisemi kila hadithi iliyopotea itarudi ikiwa bora. Zipo kurasa ambazo hazirudi, na ni haki yako kuzisikitikia. Ila katika sura hii moto wa mfalme haukupewa nafasi ya kuamua kama kitabu kitakuwepo au hakitakuwepo.

Najua kuna ndugu atasema: Baruku aliandika unabii, wewe unazungumzia hadithi za kubuni, na mlokole ana shughuli gani na mambo ya kubuni? Swali hili limewanyamazisha wengi kuliko kukatika kwa umeme, kwa hiyo nalijibu kwa uzito. Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi hakuanza na shitaka. Alianza na kisa cha maskini na mwanakondoo wake mmoja, aliyekula tonge lake na kunywea kikombe chake na kulala kifuani pake. Mtu yule hakuwepo, mwanakondoo yule hakuwepo, na mfalme akahukumiwa na kisa hicho kwa kinywa chake mwenyewe. Yothamu, katika kitabu cha Waamuzi, alisimama juu ya mlima Gerizimu akasimulia miti iliyokwenda kujitafutia mfalme. Na Bwana wetu, alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia. Hakusema tu kwamba Msamaria alimsaidia mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Alitaja mafuta na divai, alitaja mnyama aliyempandisha, nyumba ya wageni, dinari mbili alizomwachia mwenye nyumba, na ahadi ya kulipa kitakachozidi. Mtunzi anayehangaika jioni nzima kutafuta mhusika wake ashike nini mkononi asidhani anacheza.

Ndugu yetu John Bunyan aliulizwa swali hilo hilo. Alikuwa fundi wa kutengeneza masufuria na vyombo vya chuma, mzaliwa wa Elstow karibu na Bedford, Uingereza. Mwaka 1660 alikamatwa kwa kuhubiri bila kibali cha kanisa la serikali, akakaa gerezani kwa miaka 12. Angeweza kutoka mapema kama angeahidi kuacha kuhubiri. Nyumbani alikuwa na mke na watoto, na binti yake Mary alikuwa haoni. Mwenyewe aliandika kwamba kumwacha huyo ndiko kulikomuuma kuliko yote. Humo ndani alitengeneza kamba za kufungia viatu na nguo ili familia ipate chakula. Nawaza mikono ile: mchana kamba, tena kamba, na muda unaobaki kalamu.

Kitabu chake cha mfano, ambacho sisi tunakijua kwa Kiswahili kama Safari ya Msafiri, kilitoka mwaka 1678. Katika beti za utangulizi anaeleza kwamba alikuwa anaandika kitabu kingine, na bila kukusudia akajikuta ametumbukia katika hadithi. Anasema aliiandika katika nafasi za mapumziko tu, na hata kusudi lake halikuwa kubwa. Alitaka kujiepusha na mawazo mabaya. Alipowaonyesha watu, wengine wakamwambia John, kichapishe, wengine wakasema hapana, wengine wakaona kitasaidia, wengine wakakataa. Hao walikuwa ndugu zake. Akaamua kukichapisha. Kanisa la leo lingekuwa maskini kiasi gani kama angewasikiliza wale wa hapana!

Neno hilo la nafasi za mapumziko ndilo nililotaka tulifikie. Wengi tunangoja muda mkubwa: likizo, mtoto akianza shule, nikihamia kwenye nyumba yenye chumba cha ziada. Muda huo ukija unakuja na shughuli zake. Katika Kutoka 16 mana ilikusanywa asubuhi kwa asubuhi, kila mtu kwa kadiri ya ulaji wake, na waliojaribu kuiweka akiba hadi kesho waliikuta ina mabuu. Hadithi nayo ina fungu lake la siku. Sentensi ya leo ukiiacha ukidhani utaandika kumi keshokutwa, keshokutwa mhusika wako amekuwa mgeni kwako, inabidi muanze kujuana upya.

Kuna dada mmoja katika ushirika wetu mwenye duka dogo la mahitaji. Ana kaunta buku ya kwaya mbili. Ukiifungua kwa mbele ni madeni ya wateja: sukari nusu, mkate, vocha, jina na tarehe. Ukiigeuza na kuifungua kwa nyuma ni riwaya. Anaandika mistari mitatu, anakuja mtoto wa kununua kiberiti, anaweka kalamu katikati ya sentensi, anarudisha chenji, anaendelea. Nilimuuliza hachanganyikiwi? Akanijibu kwamba akiacha sentensi haijaisha ndiyo vizuri, maana anajua pa kuanzia. Wafundishaji wengi wa uandishi wangetoa ushauri huo huo kwa maneno mengi zaidi.

Wala msifikiri hii ni shida ya walokole peke yao. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka mwaka 2025, aliandika riwaya nzima kwa Kigikuyu mwaka 1978 akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti, Kenya, kwenye karatasi za chooni, kwa kuwa ndizo alizokuwa nazo. Askari walipomkagua chumbani waliichukua kazi yake, baadaye wakamrudishia. Hakuwa mtu wa kanisa, na kanisa alilisema kwa maneno makali. Mimi napokea funzo la bidii yake kwa shukrani hata hivyo, maana neema ya kufanya kazi Mungu huwapa wengi.

Jambo moja la vitendo kabla sijaendelea. Yeremia alikuwa na Baruku. Gombo la pili liliwezekana kwa sababu walikuwa wawili, mmoja akitamka, mwingine akishika kalamu, na Bwana akawaficha wote wawili. Tafuteni wa kuwasomea. Mtu mmoja anatosha, awe anapokea kurasa zako kila Ijumaa na kuzihifadhi. Simu ikiibiwa, kwake zipo.

Na sasa sura ya 45, fupi mno, mistari mitano tu, ambayo watu huipita. Ni ujumbe kwa Baruku binafsi. Mwandishi huyu mwaminifu alikuwa amechoka. Alisema ole wangu, nimechoka kwa kuugua kwangu wala sioni raha. Mungu aliyasikia malalamiko hayo, akayataja moja kwa moja, hakumkemea kwa kuyasema. Kisha akamuuliza: je, unajitafutia mambo makuu? Usiyatafute.

Swali hili linanigusa sana, na naona linatugusa sote tunaoandika. Kinachotuchosha mara nyingi ni ule ukubwa tunaoubeba pamoja na kalamu: nani atachapisha, nani atasoma, mbona fulani ameshinda tuzo. Hayo ni mzigo tofauti na kurasa, na Baruku aliambiwa autue. Hakuambiwa aache kuandika. Aliahidiwa uhai wake uwe nyara, yaani aponee na roho yake, popote atakapokwenda, katika siku ambazo nchi nzima ilikuwa inabomoka.

Kama wiki hii unauguza, au una msiba, weka daftari kando bila hofu. Kukosa siku si dhambi, na msiifanye kalamu kuwa sheria nyingine ya kuwahukumu. Wengine wote, baada ya sala ya asubuhi na kabla ya kufungua simu, andikeni fungu la siku hiyo. Likiwa sentensi moja, ni sentensi moja.

Tuombe.

Baba, tunamleta kwako ndugu aliyeibiwa simu pamoja na hadithi yake yote. Mpe ujasiri wa kufungua ukurasa mtupu kesho. Tunamleta mama anayeandika watoto wakilala, umlindie usiku wake. Tunamleta aliyeambiwa na ndugu zake kwamba anapoteza muda. Mpe kila mmoja Baruku wake. Utuondolee kiu ya mambo makuu, utubakishie wino. Kwa jina la Yesu Kristo, aliyefundisha kwa mifano. Amina.